Parveen Shakir si mshairi wa manukato

Parveen Shakir, mshairi wa Pakistan aliyetunga kwa Kiurdu, wengi humwita mshairi wa manukato. Ghazali (shairi la mapenzi la beti za mishororo miwili miwili) iliyomtangaza kuliko zote ndiyo inayomficha. Mwimbaji Mehdi Hassan aliiimba, na kitu kikishapita kwenye koo la Mehdi Hassan ni vigumu kukisoma tena kitabuni bila kusikia harmonia nyuma ya maneno. Msemaji anatuambia kwamba habari ya kujuana kwake na mpenzi imesambaa kichochoro kwa kichochoro. Kisha anauliza: nitasemaje kwamba ameniacha? Ni kweli, lakini kusema ni fedheha. Kisha unakuja ubeti ambao watu huunukuu hata kama hawajui umetoka wapi: popote alikokwenda, aliporudi alirudi kwangu, hilo moja tu ndilo jema la huyu wangu asiyetulia.

Tafuta ndani ya ghazali hiyo mahali ambapo sarufi inalazimisha msemaji awe mwanamke. Hupati. Mwanamume anaweza kuiimba kuanzia mwanzo hadi mwisho asibadilishe herufi, na anapoiimba inarudi taratibu kwenye ghazali ya zamani, ile ya mwanamume anayelia kwa ajili ya mpenzi asiyejali. Mtunzi aliyefanya kazi kubwa ya kumtoa mwanamke kwenye nafasi ya kutazamwa na kumpa nafasi ya kusema amepata umaarufu kupitia shairi ambalo mwanamke wake haonekani. Nadhani hiyo ndiyo sababu mojawapo ya urithi wake kusomwa kijuujuu.

Sisi wa Kiswahili inabidi tukaze masikio kidogo ili tulisikie jambo hili. Kwetu "nitamngoja" ni "nitamngoja" tu, awe anasema Asha au Juma. Ndiyo maana taarabu imeweza miaka nenda miaka rudi kumpa mwanamke shairi lililotungwa na mwanamume, na hakuna silabi inayosogea. Wapenzi wa taarabu wa Mombasa waliokua wakimsikiliza Juma Bhalo, aliyeyavisha mashairi ya Kiswahili tuni za filamu za Kihindi, waliionja ladha ya ghazali kwa sikio. Lakini kule zilikotoka tuni zile, kitenzi humfichua anayesema. Katika Kiurdu mwanamume akitaka kusema atakwenda hutamka jaunga. Mwanamke hutamka jaungi. Irabu moja mwishoni inatosha.

Kwa karne kadhaa irabu hiyo ya kike haikuwa na makazi katika ghazali. Washairi Mir Taqi Mir katika karne ya 18 na Ghalib katika karne ya 19 waliurithi kutoka Kiajemi mkataba ambao kila msomaji aliufahamu: anayependa ni mwanamume, na anayependwa naye hutajwa kwa umbo la kiume, awe nani katika maisha halisi. Katika mkataba huo kuna mtaa wa mpenzi, kuna hasimu, kuna mnyweshaji divai, na kuna fedheha. Fedheha ya mpenzi wa kiume ilikuwa nishani. Kadiri mji ulivyozidi kumsema ndivyo alivyozidi kuthibitisha ukweli wa mapenzi yake, na mahali penyewe pa kutangazia fedheha hiyo palikuwa mushaira, baraza la washairi ambako wanaume walighani na wanaume wakapiga makelele ya kusifu.

Wanawake walitunga, tusidanganyane. Mah Laqa Bai Chanda wa Hyderabad alikuwa na diwani nzima ya ghazali, iliyotoka mwaka 1824. Lakini alitunga ndani ya mkataba uleule. Sauti ya kike yenyewe iliachiwa utanzu wa pembeni ulioitwa rekhti, ambapo wanaume wa Lucknow na kwingineko waliigiza maneno ya wanawake wa ndani kwa mzaha na matamanio. Mmoja wao, Jan Sahib, alijulikana kwa kughani huku amejitanda mtandio wa kike. Kwa hiyo mwanamke wa karne ya 20 aliyetaka kusema "mimi" katika ghazali alikuta nafasi mbili tu: ajifanye mwanamume, au achukue sauti ambayo wanaume walikwisha kuifanya kichekesho.

Parveen hakuwa wa kwanza kulikataa hilo, na wanaomsifu kana kwamba alizuka jangwani wanamvika kilemba cha ukoka. Ada Jafri, aliyemtangulia kuzaliwa kwa miaka 28, alitoa mwaka 1950 diwani ambayo hata jina lake, Main Saaz Dhundti Rahi, lina kitenzi cha kike. Zehra Nigah alikuwa akisimama kwenye mushaira akiwa bado binti. Kishwar Naheed na Fahmida Riaz walikuwa wamekwisha kuzua moto. Badan Darida ya Fahmida, ya mwaka 1973, ilimletea shutuma za uchafu kwa kuuzungumzia mwili wa mwanamke bila pazia. Ila Fahmida alifanya mapinduzi yake zaidi katika nazm, shairi lenye mada moja lisilofungwa na kanuni za ghazali, ambako nyumba ilikuwa bado inajengwa. Parveen aliingia kwenye nyumba ya zamani, akaketi sebuleni.

Alizaliwa Karachi tarehe 24 Novemba 1952, katika familia iliyotoka Bihar, India, baada ya nchi kugawanywa kuwa India na Pakistan. Baba yake naye alikuwa mtu wa mashairi. Alisoma fasihi ya Kiingereza na isimu katika Chuo Kikuu cha Karachi, akafundisha Kiingereza katika chuo cha wasichana cha Abdullah mjini humo kwa karibu miaka tisa. Ahmad Nadeem Qasmi, mhariri na mwandishi mkubwa wa Lahore, alimshika mkono mapema, na kitabu cha kwanza cha Parveen kilitabarukiwa kwake. Kitabu hicho ni Khushbu, yaani harufu nzuri, cha mwaka 1976. Mtunzi hakuwa amefika miaka 25. Kikapata tuzo ya fasihi ya Adamjee, kikachapwa na kuchapwa tena, na tangu siku hiyo jina la mtunzi likafungwa na manukato. Kila makala ya maombolezo, kila kumbukumbu ya mwaka, kila hafla: mshairi wa harufu.

Cha kuchekesha ni kwamba ubeti wake mashuhuri juu ya harufu unasema kinyume. Yeye ni harufu, anasema, atatawanyika na upepo. Tatizo ni la ua, ua litakwenda wapi? Harufu katika ubeti huo ni mwanamume anayeondoka. Msemaji ni ua, kitu chenye shina na mizizi, kisichoweza kumfuata. Watu wamelichukua jina la yule aliyemkimbia wakambandika aliyebaki.

Ukitaka kumwona Parveen akiwa kazini, achana kwanza na ghazali ya Mehdi Hassan, chukua ile inayoanza kwa kiapo cha uvumilivu. Maana yake, kwa Kiswahili changu cha haraka, ni hii: nitaujaribu mwenyewe ukamilifu wa subira yangu, kwa mkono wangu nitampamba bibi harusi wake. Mshororo wa kwanza unaishia na aazmaungi, wa pili na sajaungi. Yaani kile kimalizio cha kike, -ungi, ndicho kina. Ghazali ya Kiurdu hufunga ubeti wake wa kwanza kwa kina katika mishororo yote miwili, kisha kila ubeti unaofuata hukirudia kina hicho katika mshororo wake wa pili. Kwa hiyo kila baada ya mishororo miwili sikio linarudishwa palepale: ni mwanamke anayesema. Nikishamkabidhi kwenye mikono ya mbalamwezi, anaendelea, nitarudi kwenye giza la nyumba yangu. Tena -ungi.

Fundi mjanja angeweza kuzigeuza -ungi zote ziwe -unga, na vina vingekaa sawasawa. Lakini shughuli yenyewe ingemkataa. Kumpamba bibi harusi ni kazi ya wanawake, kule kama huku. Mkono unaopaka hina, unaosuka nywele, unaofunga vito. Mwanamume wa ghazali ya zamani humwona hasimu wake kwa mbali akapiga kelele. Huyu anamgusa hasimu wake. Anamtengeneza awe mzuri zaidi kwa ajili ya mtu ambaye wote wawili wanamtaka. Sijui ubeti mwingine wa ghazali ya karne ya 20 ambamo wivu umeingizwa kwenye kazi ya mikono kwa namna hii. Kwenye mashairi ya Mir hasimu ni mtu wa barabarani. Hapa yuko ndani, ameketi mbele yako, anakusubiri umalize.

Na fedheha inageuka pia. Turudi kwenye swali lile: nitasemaje kwamba ameniacha? Mwanamume wa mkataba wa zamani angekimbilia kusema. Angetunga diwani juu yake. Mwanamke wa Karachi ya miaka ya 1970 ana dada wa kuolewa, ana majirani, ana mama anayeulizwa maswali sokoni. Kwake fedheha ina bei. Ndiyo maana ubeti ule unasema na kukana kwa pumzi moja: ni kweli, lakini siwezi. Msamiati umebaki uleule wa Ghalib, hakuna neno jipya hata moja, na bado neno la kale limebeba mzigo ambao halikuwahi kubebeshwa. Mtu akiuimba kwa sauti ya kiume mzigo unashuka.

Wapo wanaharakati na wahakiki waliomwona Parveen kuwa mlaini mno. Hoja yao inastahili jibu la haki. Tarehe 5 Julai 1977 Jenerali Zia-ul-Haq alitwaa madaraka nchini Pakistan. Mwaka 1979 zikaja sheria za Hudood, ambazo kwa adhabu nzito ya zinaa zilitaka mashahidi wanne wanaume. Mwaka 1984 sheria mpya ya ushahidi ikafanya wanawake wawili wasimame mahali pa mwanamume mmoja katika kushuhudia mikataba ya fedha. Tarehe 12 Februari 1983 wanawake waliandamana Lahore kuelekea Mahakama Kuu, wakapigwa virungu na mabomu ya machozi. Fahmida Riaz alikuwa amekimbilia India. Kishwar Naheed aliandika shairi la wanawake wenye dhambi wasiotishika na majoho ya wakubwa. Katika miaka hiyohiyo Parveen aliacha ualimu, akafanya mtihani wa utumishi wa serikali, akaingia idara ya forodha. Inasimuliwa sana kwamba kwenye karatasi ya mtihani alikuta swali linalohusu mashairi yake mwenyewe.

Ukiziweka picha hizo mbili pamoja, ya virungu Lahore na ya afisa forodha anayetunga juu ya mvua na ua, ni rahisi kutoa hukumu. Naona hukumu hiyo ina haraka. Ana ubeti mwingine: nitasema kweli na bado nitashindwa, yeye atasema uongo na kuniacha bila jibu. Huo ni ubeti wa mapenzi, wa ugomvi wa watu wawili chumbani. Lakini soma katika nchi ambayo sheria imeandika kwamba neno la mwanamke halitoshi peke yake, uone kama unabaki chumbani. Ghazali haitaji jina la waziri wala kifungu cha sheria. Hiyo ni tabia yake tangu enzi za wafalme waliokata watu vichwa, na mtu akiilaumu kwa hilo ajue anaulaumu utanzu mzima, pamoja na Mir na Ghalib.

Ambapo wahakiki hao wana haki ni kwenye ule ubeti wa asiyetulia, popote alikokwenda alirudi kwangu. Wengi husema ni kejeli: sifa pekee ya huyu bwana ni kwamba hurudi, na hiyo nayo ni sifa? Ningependa kukubali. Ila kejeli inahitaji sauti ya kuibeba, na ubeti huo umetumika vizazi viwili sasa kama faraja, hata kama ushauri, kwa wake wanaoambiwa wavumilie. Parveen hawezi kulaumiwa kwa namna watu wanavyomtumia. Lakini aliuandika kwa namna inayoruhusu matumizi hayo, na alikuwa fundi mkubwa mno kiasi kwamba siwezi kudai hakulijua hilo.

Vitabu vilivyofuata vina mtu mwingine ndani yake. Sad-barg kilitoka mwaka 1980, kisha Khud-kalami, yaani mazungumzo na nafsi, kisha Inkar, yaani kukataa, mwaka 1990. Msomaji anayefuata mpangilio huo anamwona binti wa Khushbu akizeeka kwa kasi. Ndoa yake na daktari ilimpa mtoto mmoja wa kiume kisha ikavunjika. Kuna kazi ya ofisi. Kuna mama anayemlea mtoto peke yake katika mji wa makaratasi wa Islamabad. Nazm zinaongezeka, na lugha inapokea vitu ambavyo ghazali isingevigusa: duka kubwa la bidhaa, kiwanda cha chuma, Faust wa hekaya ya Wajerumani, yule aliyemuuzia shetani roho yake, akigeuzwa kuwa kila mmoja wetu. Hata kwenye ghazali macho yanatoka nje ya mapenzi. Watoto wa zama zetu wamekuwa wajanja, anasema mahali pamoja. Wanashikilia kumpima kimulimuli mchana. Ubeti huo hauna mpenzi wala fedheha, na bado ni ghazali tupu.

Kuna nazm moja ya kipindi hicho ambayo ningeiweka mbele ya kila anayetaka kuzungumzia "mapenzi ya Parveen". Jina lake ni la chupa ya mezani, Tomato Ketchup, na inamhusu Sara Shagufta, mshairi wa Karachi aliyejiua mwaka 1984 baada ya maisha ya ndoa zilizomvunja na wenzake wa fasihi waliomtafuna. Parveen anaanza bila pambo: kwetu mwanamke anayetunga mashairi huhesabiwa miongoni mwa maajabu. Kila mwanamume anadhani ndiye anayeambiwa, na kwa kuwa sivyo, anageuka adui yake. Maelezo hayo ni baridi kama ripoti ya ofisi, na nadhani ni makusudi. Aliyeyaandika alikuwa mtu wa ripoti za ofisi, na alikuwa pia mwanamke anayetunga mashairi.

Halafu tazama walivyomfanyia yeye. Alipofariki, maswali ya watu yalikuwa: nani yule asiyetulia? Nani aliyeoa akapambiwa bibi harusi? Mwaka wa talaka ukawekwa sambamba na mwaka wa kitabu, ubeti ukapewa anwani ya mtu. Ghalib hakufanyiwa hivyo. Mwanamume anapolia katika ghazali tunasema ni mkataba, ni usufi, ni falsafa. Mwanamke akilia tunatafuta cheti cha ndoa. Kwa kuleta kitenzi cha kike kwenye kina, Parveen alilipia gharama ambayo pengine aliitazamia: wasomaji waliacha kuusoma ushairi wakaanza kusoma ushahidi. Ni ajabu kwamba aliyeandika kwa uwazi kiasi kile katika Tomato Ketchup akageuzwa baada ya kifo kuwa kile hasa alichokieleza.

Kifo chenyewe kilikuja tarehe 26 Desemba 1994. Alikuwa njiani kwenda kazini Islamabad asubuhi, gari lake likagongana na basi. Alikuwa na miaka 42. Mwaka huohuo vitabu vyake vinne vilikuwa vimekusanywa katika juzuu moja, Mah-e-Tamam, yaani mwezi mpevu, kwa hiyo wachapaji waliokuja baadaye walikuta kazi imekwisha kufungwa vizuri kwenye jalada. Mswada uliobaki ukatoka baada ya kufa kwake. Barabara ya Islamabad ikapewa jina lake, marafiki wakaanzisha wakfu unaotoa tuzo na kuandaa matamasha. Kwa mshairi wa Kiurdu, na kwa mwanamke hasa, huo ni urithi mzuri wa nje.

Wa ndani bado una kazi. Juzuu ile nene inaanza na Khushbu, na wasomaji wengi huishia hapo, kwa sababu ndipo zilipo nyimbo. Kurasa za nyuma, za afisa anayerudi nyumbani jioni kwa mtoto, hazina wa kuziimba. Nazm yenye kiwanda cha chuma haikai kwenye tabla. Akitokea mtu wa kumtafsiri kwa Kiswahili, nami natamani atokee, ningemwomba aanzie nyuma, kwenye Inkar, kisha aje kwenye ghazali ya bibi harusi, na ile ya Mehdi Hassan aiweke mwisho kabisa. Atapata shida kwenye -ungi, kwa kuwa "nitampamba" yetu haina jinsia. Itambidi amtafutie mwanamke mahali pengine mshororoni: kwenye hina, kwenye kitana, kwenye mkono wenyewe.